Tangi Lililobomoa Karakana ya Mjomba Dadi

Enzi zetu hatukuwa na maji. Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu wenzangu wa rika langu tukikutana harusini au msibani huanzia kwingine. Wao huanza na utamu: mchezo wa rede uwanjani, ming'oko, ile mizizi ya porini, ya moto iliyofunikwa kwa kawa, mabibo tuliyofyonza mpaka magauni yakapata madoa yasiyotoka, mwalimu wa zamu na fimbo yake ya mpera. Wanacheka, wanapigana viganja, wanasema watoto wa siku hizi hawajui maisha. Nami hucheka nao, maana ni kweli mjukuu wangu hawezi kuwasha jiko la mkaa bila kuuliza simu. Lakini leo sicheki. Nimetoka Newala juzi nikiwa na hasira, na hasira hiyo imenirudisha utotoni kwa njia isiyopita kwenye rede.

Kwetu ni juu, kwenye barabara ya kwenda Mnyambe, mahali ambapo mchanga mwekundu hunywa mvua papo hapo kama mgonjwa wa homa. Mvua ikinyesha adhuhuri, alasiri huoni hata kidimbwi cha kuku. Maji yalikuwa bondeni, na bonde lilikuwa mbali chini ya genge, ule ukingo mkali wa mlima. Kila siku kabla ya shule tuliteremka, mama zetu mbele, sisi wasichana nyuma, ndoo mkononi na ngata begani. Kuteremka ilikuwa mchezo. Kupanda ndiko kulikotufanya tuzeeke mapema. Shingo ilikuwa ikitetemeka, jasho linaingia machoni, na hukuweza kulifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa juu imeshika ndoo.

Tukifika shule tumechelewa, tunachapwa. Nataka jambo hilo lieleweke vizuri. Ndoo ya kwanza tuliipeleka nyumba ya mwalimu, kwa zamu, kisha mwalimu yuleyule akatuchapa kwa kuchelewa, hali amenawa uso kwa maji tuliyochelewa tukimtekea. Na tulipokwenda kuwashitakia wazazi, baba zetu waliokaa barazani wakingoja maji ya kuoga walisema kichwa cha mwanamke kimeumbwa bapa kwa ajili ya ndoo. Walikuwa na msemo huo. Waliusema wakicheka. Wapo hadi leo wanaouita huo utani wa zamani.

Mama yangu alikuwa na mimba kubwa mwaka ule nilipokuwa darasa la nne. Ilikuwa imenyesha, njia ya genge ina utelezi, nami nilikuwa nyuma yake nikitazama visigino vyake ili nikanyage alipokanyaga. Karibu na kilele mguu wake uliteleza. Hapo mtu yeyote angetupa ndoo akashika mti. Mama hakuitupa. Aliikumbatia kwa mikono yote miwili, akaangukia ubavu, akaburuzika mpaka kwenye jiwe, na ndoo bado iko kifuani ina maji nusu. Nilipomfikia hakulia. Aliniambia tu, "Somoe, shika hii isimwagike."

Mtoto alizaliwa siku hiyohiyo, wa kiume, naye hakulia. Maji aliyooshwa kabla ya kuzikwa ni yale yaliyobaki kwenye ile ndoo. Hapakuwa na mengine nyumbani.

Watu walikuja kutoa pole. Wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mama aliwaitikia wote, akawapa mkono, akawatazama wakiondoka. Baada ya siku nyingi, asubuhi moja akajifunga kanga mbili, akanishika mkono, tukaenda kwa kaka yake.

Mjomba Dadi alikuwa fundi bati. Alijifunza kazi Lulindi, kwa fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza michirizi ya mapaa ya makanisa, na Mjomba, Mwislamu wa kufunga mpaka sunna, alijua mapaa ya makanisa kuliko mapadri. Karakana yake ilikuwa banda la miti na udongo kando ya nyumba yake. Ndani kulikuwa na kipande cha reli, kimebaki tangu treni ilipokuwa ikifika Masasi, alichokifukia ardhini nusu na kukifanya fuawe. Hapo aligonga kila kitu cha bati kilichokuwa kijijini: koroboi, faneli, makarai, masanduku ya wanafunzi, na zile ndoo zetu. Alikuwa mtu wa hasira za haraka. Bati likimgomea alilitukana kwa Kimakonde, kisha akaliomba radhi na kuanza upya.

"Shikamoo kaka," mama alisema mlangoni.

"Marahaba, Mama Somoe. Ingia, kaa."

"Sikai. Kaka, wewe maisha yako yote unatengeneza vitu vya kubebea maji. Kila mwaka unatuuzia ndoo nzuri zaidi ya za mwaka jana ili tubebe vizuri zaidi. Sasa nitengenezee kitu cha kuyakalisha."

Mjomba aliweka nyundo chini. "Kuyakalisha wapi?"

"Pale shule. Paa lote lile la bati, mvua inapiga, maji yanamwagika chini, mchanga unakunywa. Halafu sisi tunateremka gengeni tukafie huko."

"Ukubwa gani?"

Mama alinyoosha mkono juu kadiri ulivyofika. "Wa kututosha."

Mjomba alitazama mikono ya dada yake, ambayo ngozi yake ilikuwa bado haijapona, kisha akaenda kuchukua kamba yake ya kupimia.

Hakukuwa na bati jipya la kazi kama ile. Kulikuwa na mapipa ya lami. Waliojenga barabara walikuwa wameyaacha yamelala porini kwenye kambi yao ya zamani, nyoka wanazaliana humo. Mjomba alikwenda kuyaomba, akaambiwa ayazoe, ni takataka. Tukayavingirisha mpaka karakana, watoto wa shule na mama zetu, siku baada ya siku. Yalikuwa na lami iliyoganda ndani. Tuliyachoma kwa makuti mpaka moshi mweusi ukaonekana kutoka sokoni, watu wakadhani kuna nyumba inaungua. Baada ya hapo Mjomba alikata vifuniko kwa patasi na nyundo, akapasua ubavu, na pipa likafunguka na kutanuka chini kama ngozi ya mbuzi.

Kazi iliyofuata ndiyo ninayoisikia mpaka leo masikioni. Kila pipa lilikuwa na migongo na mabonde, na kila mgongo ulitakiwa kulazwa kwa mkono. Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na gogo la mninga, ile reli, na nyundo. Mjomba alitufundisha kwamba bati haligongwi kwa nguvu. Unaanzia katikati, unakwenda ukizunguka, taratibu, unausukuma uvimbe wake uende pembeni. Ukiligonga kwa ghadhabu linavimba upande wa pili. Mama aliyasikia hayo, akaligonga kwa ghadhabu vilevile, na la kwake likavimba, na Mjomba akamfokea, naye akafoka, wakagongana maneno ya tangu utotoni mwao mpaka mke wa Mjomba akaja kuwaletea uji ili wanyamaze. Baada ya majuma mama akajifunza. Alikuwa akigonga bati huku ameuma midomo, polepole, na mabati yake yakawa laini kuliko ya kila mtu.

Wanaume walipita kutazama. Walisimama mlangoni mikono nyuma.

"Dadi, unajenga safina?"

"Nuhu alikuwa na gharika. Wewe una nini?"

Mmoja alimwambia si heshima mwanamke aliyefiwa kushika nyundo mbele za watu. Mjomba alimnyooshea mpini. "Basi shika wewe, apumzike." Yule bwana akakumbuka ana safari. Nilikuwa mtoto lakini niliwahesabia moyoni wale wote waliokumbuka safari, na majina yao ninayo.

Mabati yaliponyooka, ikaja kazi ya kuyapinda tena, maana tangi ni mviringo. Tulilaza kila bati juu ya gogo, wanawake watatu wakalikalia upande mmoja, Mjomba akagonga upande wa pili, linasogea kidogo, anapima, anagonga. Kingo alizikunja kama vidole, bati hili likashika lile, kisha akazigonga zikabana, akatia ribiti, ile misumari butu ya kubania bati, akaziba nyufa kwa risasi iliyoyeyushwa. Pete ya kwanza ikasimama. Akapandisha ya pili juu yake. Tukawa tunaingia ndani yake kumshikia nyundo nzito upande wa ndani wakati yeye anagonga ribiti nje, na humo ndani kila pigo lilikuwa radi. Tulitoka tumeziba masikio, tunacheka, hatusikii tunachoambiwa. Mjomba yeye hakuziba masikio hata mara moja. Hakuna aliyemwambia.

Wasichana wote wa darasa letu tulishikana mikono kulizunguka, na bado mwanya ulibaki. Ndipo mama, aliyekuwa amekaa akinywa maji, akautazama mlango wa karakana, akalitazama tangi, akautazama mlango tena.

"Kaka."

"Nini?"

"Hili litatokaje?"

Mjomba alikuwa amepima ukuta wa shule, akapima paa, akapima mapipa. Mlango wake hakuupima. Alikuwa amejengea ndani kwa sababu ya jua, bati la juani halishikiki. Alisimama hapo kifua wazi, jasho linamtiririka, na sisi tukangoja atukane. Hakutukana. Alikwenda kwenye kona akachukua shoka, akaanza kukata ukuta wa karakana yake mwenyewe. Mke wake alitoka jikoni akipiga kelele, "Baba Mwanahawa, una wazimu?" Alipoona tangi lilivyo, akarudi jikoni akaja na jembe, naye akaanza kubomoa upande wake.

Siku ya kulipeleka shule tulililaza ubavu tukalisukuma. Kijiji chote kilitoka. Lilikuwa likivingirika kwenye ile barabara ya mchanga likinguruma, mbuzi wanakimbia, kuku wanaparamia mapaa, wanawake wanapiga vigelegele, na hata wale wa safari waliona aibu wakaja kutia bega. Tulilisimamisha kwenye msingi wa mawe, Mjomba akapaka saruji ndani, akaunga michirizi kutoka kwenye paa, akaweka bomba chini. Kisha tukangoja mvua. Ilipokuja tulikuwa darasani. Tuliisikia ikipiga paa, halafu tukasikia maji yakianza kudondoka ndani ya tangi, sauti nene, na darasa zima likainuka. Mwalimu alitukemea tukae. Hakuna aliyekaa.

Ningependa kuishia hapo. Wenzangu wangeishia hapo, wakafuta machozi. Lakini juma lile lile mwenyekiti wetu wa kijiji alifunga kofuli kwenye lile bomba. Simtaji jina, amekwisha kufa, na watoto wake ni watu wema. Alisema tangi limeegemea jengo la serikali, kwa hiyo maji ni ya serikali, ya walimu na ya wageni rasmi. Wanawake waendelee na utaratibu wao wa kawaida. Alitumia maneno hayo, utaratibu wa kawaida. Alikuwa na maana ya genge.

Mama alikuwa kwenye foleni na ndoo yake aliposikia. Aliiacha ndoo pale pale, akatembea mpaka karakana isiyokuwa na ukuta, akarudi na nyundo. Tulikuwa tumepanga mistari uwanjani, shule nzima. Mwenyekiti alimwona akamwambia, "Mama Somoe, fikiri kwanza unalotaka kufanya."

"Nimefikiri tangu nilipomzika mwanangu," mama akasema.

Alipiga kofuli mara chache tu, likakatika. Kisha akajaza ndoo yake, akamtwisha mwanamke aliyekuwa nyuma yake, akajaza ya pili.

Walimchukua. Mgambo wawili, mmoja alikuwa mtoto wa jirani, walimpeleka ofisi ya kijiji wakamkalisha chini sakafuni ili kesho apelekwe wilayani. Nilikimbia kumwita Mjomba, lakini nilipofika naye tulikuta tumechelewa: wanawake wamekwisha tangulia. Walikuwa wamekaa kuizunguka ofisi, kila mmoja na ndoo tupu mapajani, kimya. Bibi mmoja, wala sijui alikuwa nani, akaanza kuipiga ndoo yake kwa kiganja. Wa pembeni akafuata. Punde ofisi nzima ilikuwa inatetemeka. Sijapata kusikia kitu kama kile. Waume zao walikuja kuwaita wakapike, hawakugeuka. Kijijini kote jikoni kulikuwa na majivu baridi siku ile, na njaa ilifanya kazi yake kwa wanaume haraka kuliko haki. Kabla ya magharibi mwenyekiti alitoka, koti mkononi, akasema Mama Somoe anaweza kwenda nyumbani, na maji yatagawiwa na wanawake wenyewe kwa utaratibu wao.

Mama alitoka akijikung'uta vumbi kwenye kanga. Hakushukuru. Mimi nilitaka ashukuru, nilikuwa naogopa. Aliniambia njiani, "Mtu hatoi asante kwa kurudishiwa chake."

Tangi lile lilinikuza. Wadogo zangu hawakuujua ule mteremko isipokuwa kwa hadithi. Kiangazi liliisha maji, ndiyo, na tuliteremka miezi ile ya mwisho, lakini si mwaka mzima, na hakuna mama mjamzito aliyeruhusiwa kushuka tena. Mimi niliolewa Masasi, nikakaa huko. Mama alifariki kwa uzee, kitandani mwake. Mabomba yalifika kijijini, maji yakaanza kuja kwa siku zake, na tangi likabaki pale shuleni, limeshika kutu, limezibwa viraka na Mjomba kila lilipotoboka, mpaka macho yake yalipochoka.

Juzi nilipanda Newala kumjulia hali. Nikapita shule kwanza. Nilikuta msingi wa mawe mtupu.

Kijana mmoja wa kamati ya shule alikuja kunisalimia, kwa adabu, simu mkononi. "Shikamoo shangazi. Unamtafuta mwalimu?"

"Marahaba. Natafuta tangi."

"Aa, lile kopo? Tulilikata mwezi uliopita. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na mashine yao, asubuhi moja tu wakamaliza." Akacheka kidogo. "Lilikuwa linaharibu mandhari, shangazi."

Kopo. Nilimwuliza kama anajua aliyelitengeneza. Hakujua. Nilimwuliza kama bomba la kijiji lina maji. Akasema hapana, leo siku ya nne, lakini kuna kundi la simu la kijiji na wameshalalamika humo. Akanionyesha. Watu wameandika maji hakuna, wengine wameweka vikatuni vya kucheka machozi. Karibu na mlango wa darasa niliona ndoo za plastiki zimepangwa, na msichana wa kama umri wangu wa wakati ule anakunja ngata. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akanionyesha kwa kidevu upande wa genge.

Sikumtukana yule kijana. Nilitamani.

Mjomba nilimkuta barazani. Siku hizi hasikii. Masikio yake yalibaki ndani ya lile tangi, na mashine ile ilikata kazi yake si mbali na nyumbani kwake, yeye ameketi anakula mbaazi. Aliponishika mkono swali lake la kwanza lilikuwa, "Umepita shule? Tangi bado linashika?"

Nilimsogelea sikioni nikapaza sauti mpaka majirani wakageuka. "Wamelikata, Mjomba. Wameliuza."

"Lilitoboka?"

"Halikutoboka."

Alitafuta fimbo yake, akasema, "Nipeleke." Nilimshika mkono tukaenda taratibu. Alipanda juu ya ule msingi, akauzunguka akigusa ukingo kwa fimbo, na yule kijana na wenzake wakakusanyika. Mjomba akapaza sauti kama wapazavyo viziwi: "Mlimwuliza nani?"

Hata wangejibu asingesikia. Alisimama akiwatazama mmoja mmoja midomo, akingoja isogee, na haikusogea. Nikamshusha.

Wenzangu, semeni mtakavyo kuhusu enzi zetu. Mimi sizitamani. Sitaki mjukuu wangu ateremke lile genge hata kwa siku moja, na atakayemwambia kuliteremka kungemjenga tabia nitamfukuza barazani kwangu. Watoto hawa si wavivu, wala si wabaya. Wana simu, wana shule, wana mabomba mpaka mlangoni, wanacheka shida zao kwa uhodari ambao sisi hatukuwa nao. Ila hawajapata kuona mtu mzima amekasirika akaifanyia kazi hasira yake, miezi mizima, mpaka ikashika maji. Mimi nimeona. Nilikuwa na miaka yangu kumi, mikono imejaa malengelenge, na mama yangu alikuwa kando yangu ameuma midomo, anagonga bati polepole, kuanzia katikati, akienda akizunguka.